Punda wa Nashilu na Chumvi ya Serikali

Nashilu alimpa punda wake jina la Bwana Shauri, na kama yupo mtu anayeona matata yote yalianzia hapo, akamwambie Nashilu mwenyewe usoni. Mimi simo.

Bwana Shauri halisi alikuwa Mjerumani wa bomani Arusha, kazi yake kukaa kitini na kusikiliza kesi za watu. Nashilu aliwahi kumpelekea kesi ya mpaka wa migomba yake. Alisimama juani tangu asubuhi, akaeleza weee, mkalimani akatafsiri, Mzungu akatikisa kichwa, akapiga miayo, akaenda kula. Kesi ikafia hapo. Nashilu aliporudi kwake Sekei alimkuta punda wake dume, wa kijivu, kasimama mlangoni anamtazama kwa upole mkubwa. Akamwambia, "Na wewe unasikiliza kila mtu. Masikio unayo, jibu huna. Basi wewe ndiye Bwana Shauri." Jina likashika. Tangu siku hiyo kila asubuhi majirani walimsikia akifoka mgombani, "Bwana Shauri, toka kwenye maharage yangu, mpumbavu wewe!" nao wakaziba midomo wasicheke, maana kiboko cha serikali hakikuwa na mzaha.

Sasa, ili uelewe kwa nini punda mmoja alizua yote haya, sharti ujue kwamba kwa Waarusha wa siku zile ng'ombe alikuwa wa mwanamume na punda alikuwa wa mwanamke. Mwanamume kumshika punda kamba? Thubutu! Afadhali aonekane anasuka ukili. Mwanamume alimwona punda kama anavyoliona jiwe la kusagia: kitu cha jikoni, kipo, hakimhusu. Lakini huyo punda ndiye aliyepandisha maji kutoka mtoni Themi, ndiye aliyebeba mahindi hadi Kisongo kwa Wamasai na kurudi na ngozi na maziwa. Hao wanaume waliokuwa wakijisifu kwa ng'ombe zao walikula na kunywa kwa mgongo wa punda, na hawakuwahi kuliwaza jambo hilo hata siku moja.

Na Nashilu, kuliko wanawake wote, alikuwa na sababu ya kumpenda punda wake. Alikuwa mjane mwenye mguu mbovu. Aliteleza kwenye ukingo wa mfereji akiwa na mimba, mimba ikaenda, mguu ukaunga upande. Baadaye mume akafa. Ndugu wa marehemu, Lomayani, akaja na uso wa huzuni na macho yanayopima migomba. Alitaka kumhamisha shemeji yake kwake, yeye na migomba yake, kama desturi ilivyoruhusu. Nashilu akakataa. Kesi ikafika kwa wazee wa rika, na msemaji wao, Loishiye, akaamua hivi: "Kama anajilisha na kujinywesha mwenyewe, moto wake uwake hapo hapo. Siku atakapoomba maji kwa jirani, atahamia kwa Lomayani." Watu wakaona ni hukumu ya busara. Haikumgharimu mtu kitu isipokuwa yeye.

Kwa mguu ule hakuweza kupanda kutoka Themi na kibuyu kilichojaa. Kwa hiyo hukumu ile, ukiivua nguo zake, ilisema tu kwamba Nashilu ana kwake kadiri anavyokuwa na punda. Yeye alilijua hilo, na Lomayani alilijua pia. Mara nyingi alipita kumwuliza, kwa sauti ya mtu mwema, "Punda hajambo, shemeji?"

"Hajambo kuliko wewe," Nashilu alimjibu.

Basi akatokea Simel.

Simel alizaliwa hapo hapo mlimani, akakua bila sifa yoyote, akaenda pwani na mizigo ya misafara, akarudi na kanzu, kofia nyekundu na Kiswahili. Hicho Kiswahili! Alikuwa na methali kama mbwa alivyo na viroboto. Wajerumani walikuwa wakimtafuta mtu wa kusema "ndiyo, Bwana" kwa lugha wanayoielewa, wakamwona, wakamfanya jumbe. Wazee walimcheka, kisha wakaona ana askari nyuma yake, wakaacha kucheka. Mama yake, bibi Naeku, aliyekuwa akikaa peke yake kwenye kibanda, akahamishiwa uani kwa jumbe na kuwekewa kigoda. Akaanza kuwaamkia wenziwe kwa ncha za vidole.

Mwaka ule Makaburu walikuwa wakiingia na magari yao ya ng'ombe na kujikatia mashamba, na boma likaagiza punda wachache wa kubeba chokaa ya ujenzi. Wachache. Simel akasikia "wote". Akapita Sekei na askari, akawazoa punda mji hadi mji, akaacha mmoja tu, wa mama yake. Chokaa ilibebwa, ikaisha, punda hawakurudi. Kila mtu aliyekwenda sokoni aliwaona kwenye mashamba ya Makaburu wakibeba mahindi, na kila mtu aliona pia kitanda cha chuma kikiingizwa nyumbani kwa Simel, kinang'aa, miguu yake ikilia juu ya udongo. Alikuwa wa kwanza mlimani kulalia chuma. Walisema usiku kinapiga kelele kama geti, na yeye akigeuka huomba radhi kwa Kiswahili.

Siku walipomchukua Bwana Shauri, Nashilu alimshika shingo. Askari akamsukuma, akaanguka, punda akapelekwa huku akigeuza kichwa. Nashilu akajikongoja hadi kwa Loishiye, aliyekuwa na wenzake wakinywa pombe ya ndizi.

"Baba, Simel ametunyang'anya."

"Amechukua ng'ombe?" Loishiye akauliza, kibuyu mkononi.

"Punda."

"Aa," Loishiye akasema, akanywa. "Basi hajachukua kitu." Wenzake wakacheka hadi mmoja akapaliwa.

Nashilu hakuwa mtu wa kumeza neno likakaa. Akaenda moja kwa moja langoni kwa jumbe, akaketi katikati ya njia, akaanza. Alimtaja Simel, akakitaja kitanda, akaitaja kanzu na kilichokuwa chini ya kanzu. Alikuwa na mdomo, mama yule! Watu wakakusanyika kama wanaokwenda ngomani. Wanawake nao walikuja, wale wale walionyang'anywa punda, wakamtazama na kuguna. "Mguu umempanda kichwani," mmoja alisema. Bibi Naeku alitoka na kigoda chake, akaketi mahali pazuri pa kuonea, akasema kwa sauti kwamba mjane asiye na mume wa kumchapa huwa na kelele. Watu wakacheka. Simel akatoka, akanyoosha kanzu, akasema methali yake: "Shukrani ya punda ni mateke. Lakini huyu hata teke hawezi, ana mguu mmoja!" Watu wakacheka zaidi.

Alikuwa na haki, na kila mtu pale alijua ana haki. Lakini haki ya mtu mmoja anayepiga kelele njiani inaitwa kichaa, na hakuna aliyetaka kuonekana upande wa kichaa. Lomayani akapenya katikati ya watu, akamwinamia. "Shemeji, twende. Kwangu maji yapo," akasema.

Ni maneno hayo yaliyomwinua. Akashuka Themi na kibuyu kidogo, akapanda kwa makalio, kidogo kidogo, na alipofika nyumbani nusu ya maji ilikuwa njiani. Akalia kwa hasira, kilio cha mtu anayetaka kuuma kitu. Hakuomba maji. Mwezi ule ulipita hivyo, midomo imempasuka, migomba inamtazama, na Lomayani anapita kila jioni kuuliza hali.

Wakati huo wanawake wengine walianza kuelewa. Mwanamke akibeba maji siku moja husema punda ni mvivu. Akibeba mwezi mzima humkumbuka kama marehemu. Aliyeanza kuja alikuwa jirani yake, Nosim, mwenye mtoto mgongoni na mtungi kichwani.

"Takwenya, yeyo," Nosim akaamkia. Ndivyo wanavyomwamkia mama.

"Iko," Nashilu akaitika. "Leo mguu umekupanda kichwani na wewe?"

Nosim akaona haya. "Mgongo, yeyo. Mgongo ndio uliopanda." Wakacheka wote wawili, na hapo ndipo shauri lilipopangwa.

Waliafikiana kwenda bomani kwenyewe, kwa Mzungu, na kwenda kwa adabu. Kwa watu wa Maa, yaani Waarusha na Wamasai, ukishika nyasi mkononi na kuziinua, unaomba amani. Hata adui aliyeinua mkuki hana budi kuushusha. Nashilu akasema, "Tushike nyasi." Kisha akaongeza neno ambalo alilijutia sana: "Na mshike nyingi, maana Mzungu haoni vitu vidogo."

Wakashika nyingi. Waliteremka mlimani kila mmoja na mzigo wa nyasi, wengine mikononi, wengine kichwani, wanaimba. Ilikuwa nzuri kuitazama. Langoni askari wa zamu akawauliza wanamtaka nani. Nashilu hakuwa na Kiswahili zaidi ya cha sokoni, akapaza sauti, "Namtaka Bwana Shauri!"

Askari akaona hilo ni ombi la kawaida. Akaenda akamleta Bwana Shauri, mrefu, mwekundu, amevaa buti. Nashilu akamtazama juu hadi chini.

"Siyo huyu," akasema. "Yule mwenye masikio marefu."

Askari akaingiza kofia mdomoni asicheke. Mzungu akauliza mama anasema nini, na hapo akajitokeza Simel, mkalimani wa siku hiyo, kanzu imepigwa pasi. Simel alizijua zile nyasi. Alizaliwa nazo! Lakini aliona pia Mzungu anazitazama kwa macho ya furaha, kwa sababu paa la banda la farasi lilikuwa linavuja na alikuwa ameomba nyasi za kuezekea tangu zamani. Simel akainama. "Wanawake wa jumbe wameleta nyasi, Bwana," akasema.

Mzungu akafurahi sana. Wanawake wakaona anatabasamu, wakadhani amani imekubaliwa, wakapiga vigelegele. Nyasi zikapokewa, zikarundikwa kando ya banda. Kisha ukatolewa mfuko wa chumvi, na kila mmoja akatiwa fungu kiganjani. Chumvi nyeupe ya dukani, jamani, kwa nyumba ambazo zilikuwa zikilamba magadi! Walipokea. Nashilu naye alipokea. Alidhani ni baraka, kama mate ya mzee. Akasubiri punda waletwe. Waliletewa askari, akawaambia kwa upole waende nyumbani, na wakipata nyasi zaidi walete.

Njiani kurudi wanaume walikuwa wamekwisha kupata habari, maana habari ya aibu ina miguu mizima. Loishiye alisimama kando ya njia na wenzake. "Kumbe mlikwenda kibarua!" akawaambia. "Nasi tulidhani mna uchungu. Uchungu wenu bei yake chumvi?" Waume wakawauliza wake zao usiku kama mchuzi umekolea. Ikawa mbaya kuliko siku ya kwanza. Siku ya kwanza alikuwa kichaa mmoja. Sasa wote walikuwa wachuuzi waliouza kilio chao. Wanawake wakamkasirikia Nashilu kwa ajili ya zile nyasi nyingi, na baadhi yao wakaila ile chumvi kwa hasira. Nashilu alishindwa. Alilifunga fungu lake kwenye jani kavu la mgomba, akalichomeka darini. Kila alipoonja mchuzi wake usio na chumvi alijilaani, na bado hakuila ile chumvi.

Mbio zake zilikuwa zimefika ukingoni. Siku moja kibuyu kiliteleza, kikapasukia kwenye mawe ya Themi, na akakaa mtoni akijiambia wazi kwamba kesho ataomba maji. Alikuwa amechoka. Alifikiria hata ni nyumba ipi kwa Lomayani itakuwa yake, ile ya karibu na choo.

Kesho yake Simel aliita baraza. Alikuwa na amri mpya za kutangaza, na pia, tusifichane, alitaka watu wakione kitanda, kwa hiyo alikiweka uani kwa kisingizio cha kukianika. Watu wakajaa, wanaume mbele, wanawake nyuma, bibi Naeku kwenye kigoda chake karibu na kitanda. Nashilu alikuja kwa sababu Lomayani alikuwepo, na alikuwa amekusudia kumwambia neno lile baada ya baraza.

Simel alisema amri zake. Kisha mtu mmoja huko nyuma, mwanamke, akakohoa na kusema, "Na punda?" Simel angeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini alikuwa na methali, na methali ikimwasha mtu hana raha mpaka aitoe.

"Waswahili husema shukrani ya punda ni mateke," akasema. "Hawajawaona punda wa kwetu! Hawa wamesimama pale nyuma, ukiwapa chumvi wanalamba, wananyamaza."

Wanaume wakaangua kicheko. Kikubwa, cha tumboni, Loishiye akipiga magoti yake kwa viganja. Simel alikuwa akitabasamu bado wakati mama yake aliponyanyuka.

Bibi Naeku hakuwa mwema, nimekwisha kusema. Punda wake alikuwepo, mgongo wake haukuuma, na alikuwa amemcheka Nashilu hadharani. Lakini alikuwa na masikio. Alisimama polepole, akakiacha kigoda, akauliza, "Simel, nani amekuzaa?"

Simel akacheka kidogo. "Mama, sikusema wewe..."

"Nimeuliza. Mimi si mwanamke? Nimetoka kwenye kundi lipi? Kama pale nyuma ni punda, basi hapa mbele amesimama mtoto wa punda, amevaa kofia." Akawageukia wanaume. "Na ninyi mliocheka, mlizaliwa na nini? Na wewe Loishiye, mama yako niliyemzika kwa mikono hii, alikuwa akila majani?"

Kicheko kikafa kama moto uliomwagiwa maji. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Loishiye alibaki na viganja juu ya magoti, mdomo wazi. Kwa miezi wanaume wale hawakuona cha kuwahusu kwenye jambo la punda. Sasa walijiona wamo ndani hadi shingoni, na masikio yanawaota.

Na Nashilu, huko nyuma, akahisi mwili wote unamsisimka. Maana kwa watu wa Maa lipo kosa moja ambalo mwanamume halihukumu wala halitetei. Ni kulitusi tumbo la uzazi. Kosa hilo likitendeka, wanawake wote huinuka, wa kila umri na kila mji, humwendea mkosaji nyumbani kwake na kumtoza kwa mikono yao, na mwanamume yeyote anayeingilia amejiapiza mwenyewe. Jina lake ni olkishoroto. Hakuna aliyewahi kuiita fujo. Punda hawangeweza kuiamsha, mguu wake haungeweza, kiu yake haingeweza. Simel ameiamsha kwa ulimi wake, bure.

"Olkishoroto!" Nashilu akapiga ukelele.

Na safari hii hakuna aliyesema mguu umempanda kichwani. Waliitika wote. Waliitika wanawake waliokula chumvi na wale waliomwaga. Wakaitwa wa miji ya juu, wakaja na fimbo na matawi, wakajaa uani kwa jumbe wakiimba nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa, maana huenda mama yako anasoma. Walimshika fahali mnene kuliko wote wa Simel, wakamchinja, wakamchoma hapo hapo. Simel alikimbilia ndani. Nosim alipanda juu ya kitanda cha chuma, mtoto mgongoni, akakirukia mpaka mguu mmoja ukapinda.

Jumbe akamtoa mtu dirishani kwenda kuita askari. Akaja yule yule wa zamu wa langoni, na bunduki, akakuta moshi, nyama, wanawake wanaimba, na wanaume wote wa Sekei wamesimama nje ya ua wamefunga mikono kama watu waliokuja msibani. Akamwendea Loishiye. "Mzee, hii ni fujo?"

Loishiye yule yule, msemaji wa rika, aliyesema hajachukuliwa kitu! Akajinyoosha. "Fujo gani? Hii ni sheria," akasema.

"Sheria ya nani?"

"Ya mama zetu. Wewe huna?"

Askari akafikiri. Inaonekana alikuwa naye, mbali huko Manyema. Akaegemeza bunduki ukutani, akavua kofia, akauliza kama ini limekwisha. Jioni alirudi bomani kutoa habari kwamba kwa jumbe kuna sherehe, Bwana, wamechinja ng'ombe. Bwana akasema vizuri, watu wawe na furaha. Mara ya kwanza aliona vilio akadhani kazi. Mara ya pili aliona adhabu akadhani karamu. Serikali nzima iliendeshwa kwa macho ya namna hiyo, na wakati mwingine ilikuwa nafuu.

Hatimaye Simel akatoka. Alitoka bila kofia, mama yake hakumtazama, na mkononi alishika nyasi. Chache, kijicha kidogo, amekiinua juu. Watu wakamtazama Nashilu.

"Aha," Nashilu akasema. "Jumbe ameleta nyasi za kuezekea. Mpeni chumvi!"

Kicheko kilichofuata kilisikika ng'ambo ya Themi. Na hakuwa akisema tu. Walipoitwa watu wa miji ya juu, alikuwa amejikongoja nyumbani mara moja, na sasa alifungua kifuko cha jani kavu, akamimina chumvi ya serikali kwenye kiganja cha Simel, punje zote, akamfunga vidole. "Lamba," akamwambia. Akalamba.

Punda wakarudi. Simel aliwafuata mwenyewe kwa Makaburu, na kitanda kikarudi kule kilikotoka, kimepinda mguu. Lakini wanawake waliongeza sharti: waliocheka barazani ndio wawalete, kwa mikono yao, kamba mkononi, mchana, wapite njia ya sokoni. Na wanaume wa Sekei walipita, jamani! Wazee na mashuka yao mazuri, wanaburuta punda, wanatazama chini, na punda wakijua kabisa wameshikwa na watu wasiojua kazi. Loishiye alivutwa na punda wake hadi kwenye shamba la viazi la mtu.

Bwana Shauri aliletwa na Lomayani. Nashilu alikuwa ameketi mlangoni. Aliona kwanza masikio, kisha mbavu zilizotokeza, kisha vidonda vya mgongoni, na hakujizuia. Aliinuka bila fimbo, akamwangukia shingoni, akalia wazi mbele ya shemeji yake, akimtukana punda kwa majina yote anayoyajua kwa kuwa alikonda. Punda alimsikiliza. Hakujibu.

Lomayani alisimama pale, jasho linamtoka, kamba bado mkononi. Njia ilikuwa ndefu na jua kali.

"Shemeji," akasema, "naomba maji."

Nashilu akafuta macho. Akachukua vibuyu viwili, akamtundikia Bwana Shauri mgongoni taratibu, mbali na vidonda. "Punda huyu. Mto ule," akasema.

Akaenda. Akarudi na maji, akanywa, akampa shemeji yake yaliyobaki, na tangu siku hiyo hakuuliza tena hali ya punda.

Nashilu alikaa kwake mpaka uzeeni. Aliwaona Wajerumani wakiingia kwa majivuno na akawaona wakifunga mizigo yao kwa haraka Waingereza walipokaribia. Wakati huo habari ya Simel ilikuwa imekwisha kukua. Hakukuwa na mtu mlimani ambaye hakuwepo, wala aliyecheka. Siku moja Loishiye, mzee sana, fimbo mbili, alikuwa akiwasimulia wageni kutoka Kisongo, kwenye kibuyu cha pombe, jinsi Sekei nzima ilivyosimama na mjane tangu siku ya kwanza. Akamwona Nashilu anapita na vibuyu vyake. "Mwulizeni mwenyewe!" akasema. "Si kweli, mama? Siku ile ya kwanza langoni, hatukuwa wengi?"

Nashilu akasimama. Akamtazama, akawatazama wageni, akawaza.

"Tulikuwa wawili," akasema. "Mimi na punda. Na punda alikuwa amekwisha kuchukuliwa."